Mfumo Hausomi Mwezi

"Mama, nakuelewa kabisa. Ila mfumo hausomi mwezi."

Kijana aliyesema hivyo alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, kule Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kishikwambi kikiwa mapajani. Ilikuwa Jumanne, siku ya rejesho. Wanawake wa kikundi walikuwa mikekani, hesabu imepelea, na kwa utaratibu wao hakuna anayenyanyuka mpaka itimie. Aliyepelea ni mama wa umri wa kunizaa, mchuuzi wa dagaa. Alikuwa ameshaeleza, bila kupaza sauti, kwamba ni mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa mchangani, na hajashika hela tangu wiki iliyotangulia. Hakuomba kusamehewa deni. Aliomba asogezewe siku kumi.

Yule afisa mikopo hakuwa mkorofi. Alipofika aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, na alipogeuza kioo ili mama ajionee mwenyewe, aligeuza kwa heshima. Tarehe zote zilikuwa zimepangwa siku mkopo ulipotoka. Mstari wa Jumanne ile ulikuwa umeshageuka mwekundu.

Wenzake wakachanga. Mmoja elfu kumi, mwingine elfu tano, na mama mdogo, ambaye ndiye niliyemsindikiza siku hiyo, akafungua pindo la kanga akamalizia kilichobaki. Hesabu ikatimia. Watu wakatawanyika kwenda kutafuta cha mchana.

Kauli ya yule kijana haijaniacha tangu hapo.

## Deni linalojulikana kabla

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa dagaa wanavuliwaje. Taa hufanya kazi gizani. Mwezi ukikua, ziwa zima linang'aa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu, wanarudi makwao kusalimia. Kusimama huko huchukua kama wiki moja, mara nyingine hadi siku kumi, kisha giza linarudi na kazi inarudi. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu.

Sasa weka juu yake mkopo wa wiki 16, kama ule wa kikundi cha Igombe. Wiki 16 ni siku 112. Ndani ya siku hizo mwezi mpevu utapita mara tatu au nne, na kila unapopita, walau rejesho moja litaangukia siku ambazo hakuna dagaa wabichi wa kununua wala wa kuanika. Labda liwepo gunia alilobakiza. Labda lisiwepo.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Wakopeshaji huogopa mambo yasiyotabirika, na wana haki ya kuogopa: mkopaji ataugua, duka litaungua, bei itaanguka, mume ataondoka na mtaji. Lakini upungufu wa Jumanne ile ulijulikana siku fomu inasainiwa. Kalenda yenye alama za mwezi, zile zinazotundikwa sebuleni, ingeuonyesha. Katika biashara nzima ya dagaa, mwezi ndio kitu unachoweza kukitabiri hata kwa mwaka 2050, na ndicho ambacho ratiba ya mkopo haikukiandika.

Mama yule alipangiwa kuchelewa kabla hajachelewa.

Kuna mvua pia. Dagaa wakinyeshewa wakiwa mchangani hupoteza rangi, na waliotarajiwa kuliwa na watu huishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chini sana. Wenye chanja za kuanikia juu ya mchanga huokoa wengi zaidi, ila chanja ni mbao, ni nyavu, ni hela nyingine ya kutafuta. Masika naikubali kuwa ni jambo la kubahatisha. Mwezi hapana.

## Hela iko Kigali

Halafu kuna safari ya gunia lenyewe. Mama yule ananunua wabichi alfajiri mitumbwi inapofika, anaanika, anageuza, anafunga, anapeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Pale kuna wanunuzi wa Kongo, wa Rwanda, wa Burundi, na wa mikoa yetu ya bara. Anayelipa taslimu anajua anatafutwa, hivyo anabana bei. Anayekubali bei nzuri mara nyingi huchukua mali kauli: mzigo uende, hela ifuate. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, lori la kuelekea Geita na mpakani halilali tena likisubiri kivuko. Mzigo umepata kasi. Malipo bado yanamsubiri mnunuzi auze huko aliko.

Kwa hiyo mama wa Igombe naye ni mkopeshaji. Mtaji wake uko Kigali au Bukavu, hauna riba, hauna karatasi, umeshikwa na neno la mtu aliyemfahamu sokoni. Huku nyuma Jumanne inakuja.

Na rejesho la kwanza huanza wiki moja tu baada ya kupokea mkopo. Wengi hulilipa kwa kumega hela ileile waliyokopeshwa, wakati gunia la kwanza bado halijafungwa. Kwenye karatasi amekopeshwa milioni. Sokoni anaingia na pungufu.

## Asilimia tatu na nusu

Tuseme la riba, kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wadogo chini ya Benki Kuu, na wale wa daraja la pili, wasiopokea amana, wakawekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ilikuwa hatua kubwa na siidharau.

Ila fanya hesabu kwa namna kikundi kile kinavyopigiwa. Milioni moja, miezi minne, asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya kiasi chote: riba 140,000. Gawa 1,140,000 kwa wiki 16, unapata 71,250 kila Jumanne. Riba imepigwa kwenye milioni nzima, wakati milioni yenyewe inarudishwa kidogo kidogo, na kwa wastani mkopaji anabaki na nusu yake na zaidi kidogo. Ukihesabu kwa hela anayoishikilia kweli, riba inakaribia asilimia 7 kwa mwezi. Bado ada ya fomu, bima, na akiba ya lazima inayokatwa kabla hela haijafika mkononi. Mjini, Barabara ya Kenyatta, mabenki hukopesha kwa wastani wa karibu asilimia 15 kwa mwaka.

Ningeweza kuishia hapo, nikaandika makala ya kulaani riba. Kilichonizuia ni hesabu ya mama yule mwenyewe, aliyonipa siku nyingine tukiwa kwenye daladala kwenda Kirumba. Riba ya kikundi anaijua, anaipanga ndani ya bei. Kinachommaliza ni wiki ya mbalamwezi. Wiki hiyo hukopa kwenye simu, au kwa mtu wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, ili tu alipe la Jumanne. Giza likiingia, faida ya siku za kwanza inakwenda kuziba huko. Akianza kupata yake, mwezi unajaa tena.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nchi nzima tulishasikia habari za jumbe za kudhalilisha zinazotumwa kwa wakwe na wafanyakazi wenza, na wengi tukajiuliza ni nani anayekopa huko. Nimepata sehemu ya jibu: ni mtu mwenye rejesho kesho asubuhi na mteja asiyelipa mpaka wiki ijayo.

Gharama ya mkopo wa mama yule haimo kwenye riba peke yake. Imo kwenye tarehe.

## Wanaoijua kalenda

Wapo wakopeshaji wanaoijua kalenda ya ziwa, na wamekuwepo miaka yote. Kwenye sangara, wakala wa kiwanda humpa mvuvi nyavu, injini na mafuta, kisha hukata polepole kwenye samaki. Siku mtumbwi haukwenda, hakuna kinachodaiwa. Kwenye dagaa, tajiri mwenye hela taslimu humshika mama mkono wakati wa mbalamwezi, na giza likiingia huletewa magunia. Hakuna kishikwambi. Hakuna barua ya serikali ya mtaa.

Malipo yake ni uhuru wa kuuza. Mvuvi aliyepewa injini na wakala hapeleki sangara kwa mwingine, hata kama mwingine anaongeza bei ya kilo. Mama aliyekula hela ya tajiri hapandi gari la Kirumba kutafuta bei. Tajiri anakuja nayo.

Nilikuwa na hasira na watu hawa. Kisha nikazungumza na mmoja wao pale Mwaloni, mzee mtaratibu, tukiwa tumeketi juu ya magunia yake. Sikumficha ninachokifikiria. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema: "Mtumbwi ukizama, hela yangu imezama nao. Nani mwingine hapa ataibeba hiyo?"

Sikuwa na jina la kumtajia.

Amebeba hatari ambayo wengine wameikataa, na anatoza kwa kuibeba. Hilo nalikubali. Ninachobishana naye mpaka leo ni kwamba bei ya kuibeba anaipanga peke yake, kwa sababu hana mshindani aliye tayari kungoja giza. Akija wa pili, hata mmoja tu, mama wa Igombe anaweza kusema "ngoja nifikirie." Kwa sasa hana pa kwenda kufikiria.

## Tulishawahi kungoja

Watu huniambia mkopo wa kufuata msimu ni ndoto. Hapa Mwanza? Mji huu ulikulia kwenye pamba. Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliunganisha vyama vya wakulima wa kanda hii kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na vizazi vya wakulima wa Usukuma vimeishi na utaratibu wa kuchukua pembejeo kwanza, gharama zikakatwa siku ya kuuza. Hakuna aliyemdai mkulima kila wiki mwezi Januari, pamba ikiwa bado majani.

Lakini siwezi kuutaja mwanzo nikaacha mwisho. Vyama vikuu vilifutwa 1976, vikarudishwa 1984, Chama Kikuu cha Nyanza cha hapa Mwanza kikiwemo, na madeni yakavilemea. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, mkulima aliyekopeshwa alipata pa kuuzia bila kupita mahali anapokatwa. Mkopo wa msimu ulisimama wakati mazao yalikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Milango ilipoongezeka, ukayumba.

Dagaa wana milango mingi kuliko pamba. Afisa mikopo akisema, "Nikimngoja mpaka giza atauza, na sitamwona," hasemi upuuzi. Hoja hii ilinisimamisha. Niliiweka makala hii pembeni, nikawa nairudia usiku na kuifunga tena.

## Mweka hazina anaitetea Jumanne

Nililipeleka wazo lenyewe Igombe. Mweka hazina wa kikundi, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja.

"Unataka tulipe mara moja kwa mwezi?"

"Kwa kufuata giza, shangazi."

"Hela ikikaa ndani wiki tatu, kila mtu anajua ipo. Mtoto ana ada, shemeji ana msiba, baba watoto ana safari. Jumanne inanisaidia kusema sina."

Akaendelea kugeuza dagaa wake.

Nimesoma maandiko mengi ya wataalamu juu ya mikopo midogo, na ni machache yaliyolisema jambo hili waziwazi namna hiyo. Rejesho la kila wiki linampa mwanamke sababu inayokubalika ya kukataa. Akiliondoa mtu wa nje kwa nia njema, atakuwa amemwondolea kinga mbele ya ukoo mzima.

Ratiba hii ya kila wiki haikuzaliwa ziwani. Ilitoka Bangladesh, kwa Muhammad Yunus na Benki ya Grameen iliyoanzishwa rasmi mwaka 1983, ikaenea dunia nzima, na mwaka 2006 ikawaletea Tuzo ya Nobel ya Amani. Kikundi, mkutano, wiki, kudhaminiana: kijana wa kishikwambi anafuata njia iliyochorwa huko. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wachoraji wenyewe waliibadilisha. Mafuriko ya 1998 yalifunika sehemu kubwa ya nchi yao, wakopaji wakashindwa kulipa kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 benki hiyo ikapanga upya mikopo yake, ikaruhusu marejesho kuwa makubwa msimu wa kipato na madogo msimu mkavu. Sisi tulichukua toleo la kwanza, tukalala nalo.

Kuna pia utafiti wa Kolkata, India, wa akina Erica Field na Rohini Pande, uliochapishwa mwaka 2013. Kwa bahati nasibu, baadhi ya wakopaji walianza kulipa wiki mbili baada ya kupokea mkopo, wengine baada ya miezi miwili. Waliongojewa miezi miwili waliwekeza zaidi, na karibu miaka mitatu baadaye faida za biashara zao zilikuwa kubwa kuliko za wenzao. Ila miongoni mwao pia, walioshindwa kulipa waliongezeka.

Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Kungoja kunakuza biashara, na kungoja kunaongeza wasiolipa. Anayetuletea moja bila jingine, awe mwanaharakati au meneja wa tawi, hatusaidii.

## Siku moja wote

Mama mdogo na wenzake kadhaa wana kikoba chao, nje ya kikundi cha Jumanne. Katiba yao imeandikwa kwa mkono kwenye daftari gumu. Inasema marejesho yafanyike giza likishaingia, na wakati wa mbalamwezi wakutane kwa hisa na mfuko wa jamii tu, kwa anayeweza. Hakuna aliyewafundisha. Waliandika hivyo kwa sababu wasingeweza kuandika vingine.

Nikafurahi. Nikaona jibu limepatikana.

"Basi kwa nini bado mnakwenda kwa yule kijana?" nikamuuliza.

"Kwa sababu giza likiingia, wote tunataka hela siku moja."

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu mwanzo. Kikoba chao kina kalenda sahihi na nidhamu ya kutosha. Tatizo lake ni kwamba kila mwanachama anaishi kwa mwezi uleule. Mitumbwi ikianza kwenda, wanachama wote wanahitaji mtaji asubuhi ileile, na sanduku haliwatoshi. Mbalamwezi ikija, wote wamekauka pamoja. Ndani ya duara hilo hakuna mtu wa kumbeba mwenzake, maana wote wanayumba kwa wakati mmoja. Kinachokosekana ni mwanachama anayeishi kwa kalenda nyingine: mwalimu wa Misungwi, nesi wa Bugando, mkulima wa mpunga wa Magu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Buzuruga. Mshahara wa mwisho wa mwezi haujui giza wala mbalamwezi.

Na watu hao wote tayari wameweka hela zao mahali pamoja. Mahali hapo panaitwa benki.

Benki ndiyo kikoba chenye wanachama wa kalenda mbalimbali. Ndiyo taasisi pekee mjini inayoweza kungoja siku kumi bila kuumia, kwa sababu siku hizo kumi kuna wengine wanaoweka. Leo mzigo wa kungoja umeachwa kwa wasioweza kabisa kuubeba, wanawake wa kikundi wanaochangiana elfu tano tano kutoka pindo la kanga.

Najua benki itasema nini. Mikopo midogo ina gharama kubwa kuifuatilia, na dhamana hakuna. Kwa Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003, mama wa Igombe ni biashara ndogo sana, yenye mtaji usiozidi milioni 5. Lakini hata aliyevuka hapo anakwama. Mfanyabiashara wa Mwaloni mwenye stoo, vibarua sita na magunia ya milioni 40 ni biashara ndogo kwa tafsiri ya sera hiyohiyo, na akifika Barabara ya Kenyatta anaulizwa hati ya nyumba. Nyumba yake iko juu ya mawe, Mabatini au Igogo, na haina hati. Ikiwa nayo, lazima ridhaa ya mwenza wake, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na ni haki iwe hivyo. Magunia ya milioni 40 yaliyoko stoo hayaulizwi. Mfanyabiashara huyu ni mkubwa mno kwa mikeka ya Jumanne na mdogo mno kwa meza ya benki, akabaki kwa mzee wa Mwaloni.

Serikali imeshaonyesha kwamba kungoja samaki kunawezekana. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo isiyo na riba, Benki ya Maendeleo ya Kilimo ikihusika. Sato wa kizimbani anahitaji miezi kama sita hadi minane afike sokoni, na hakuna anayefikiria kumdai mfugaji wake kila Jumanne. Tofauti ni kwamba kizimba kina andiko la mradi na kinapigwa picha. Beseni na chanja havipigwi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurudi 2024. Wanawake wa Igombe wameiomba na wanangoja.

## Barua

Kikundi kimeamua kumwandikia mkopeshaji wao, na nakala ipelekwe kwenye tawi la benki mjini. Mama mdogo amenikabidhi kazi ya kuchora jedwali. Nimelichora kwa kufuata mwezi mpevu, nikiwa na maneno ya mweka hazina kichwani.

Mkopo ni uleule, milioni moja. Wiki ni zilezile 16. Jumla ni ileile 1,140,000. Kila Jumanne bado kuna mkutano na bado kuna kulipa, ili asiwepo wa kuwakuta na hela imelala ndani. Wiki nne za mbalamwezi kila mmoja analipa 12,000. Wiki 12 zilizobaki analipa 91,000. Mkopeshaji hapotezi hata shilingi moja ya riba wala siku moja ya mwisho. Kilichobadilika ni namba zilizo kwenye safu moja ya jedwali.

Kijana wa kishikwambi nilimwonyesha kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayelala na lawama za pande zote mbili. Alilisoma kwa makini, akapitisha kidole kwenye kila wiki. Akasema mfumo unapokea kiasi tofauti kwa kila rejesho. Ni makao makuu tu hayajawahi kuombwa. Akaomba nakala.

Tulichoshindwa kukubaliana ni mvua. Mama yule aliyepelea alitaka kiwekwe kipengele cha masika: dagaa wakinyeshewa, rejesho lisogezwe kwa wiki mbili baada ya mwenyekiti kuthibitisha. Niliona ni haki, maana hasara ya masika ni kubwa kuliko ya mbalamwezi. Mweka hazina alikataa katakata.

"Mwezi tunauona wote," alisema. "Mvua kila mtu ataileta ya kwake."

Wakabishana mpaka jioni. Mwenyekiti akapendekeza mfuko mdogo wa masika, kila mmoja aweke 1,000 kila Jumanne ya giza, usiguswe mpaka Mei. Wengine wakasema elfu moja haikaushi gunia. Hilo limebaki kiporo, na barua inaondoka wiki hii ikiwa na mwezi peke yake.

Kama unafanya kazi kwenye tawi lolote, iwe Mwanza, Musoma, Bukoba au Nansio, na umewahi kupanga marejesho ya wavuvi au wachuuzi kwa kufuata giza, niandikie. Nataka kujua wangapi walimaliza deni, na uliifanyaje masika.